Jinsi ya kusaka Salmonella, E. coli O157 na Listeria kwa shanga za sumaku: mwongozo kamili kwa maabara ndogo ya chakula

Chukua gramu 25 za nyama ya kusaga yenye chembe moja tu hai ya Salmonella. Iponde kwenye mililita 225 za mchuzi wa kuoteshea bakteria, na chembe hiyo sasa imo mahali fulani ndani ya mililita 250 hivi. Tyubu ya shanga za sumaku hupokea mililita moja. Ukinasa papo hapo, uwezekano wa chembe hiyo kuwamo kwenye tyubu yako ni mmoja kati ya 250, na hakuna shanga, hata ziwe za bei gani, zitakazobadili hesabu hiyo. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa kwenye mchuzi zaidi ya inavyotarajiwa. Wengi wakisikia habari za shanga hudhani zimekuja kufuta kazi ya kukuza bakteria. Kazi yake ni nyingine: kumchomoa unayemtaka kutoka kwenye vurugu ya mafuta, protini na mamilioni ya bakteria wasiokuhusu, ili akifika kwenye sahani ya agari aonekane.

Nimemlenga fundi maabara mwenye inkubeta, otoklevu, kabati la usalama wa kibiolojia na bajeti ya kawaida: maabara ya kiwanda cha maziwa, ya machinjio, ya chuo au ya shirika la viwango. Mifano yangu ni nyama ya ng'ombe ya kusaga na maziwa, kwa kuwa ndivyo vinavyoletwa sana na ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote.

Kwa nini hawa watatu

Salmonella hahitaji kutambulishwa. E. coli O157:H7 alijulikana kwa ubaya mwaka 1993, pale hambaga ambazo hazikuiva sawasawa zilipowafanya watu zaidi ya 700 waugue magharibi mwa Marekani, na watoto wanne wakafariki. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku kuuza nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyo. Listeria monocytogenes tumemsikia karibu zaidi: Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, soseji aina ya poloni, wagonjwa 1,060 waliothibitishwa maabara na vifo zaidi ya 200.

Njia za kawaida za ISO, shirika la kimataifa la viwango, zinawapima kila mmoja kivyake. Salmonella ana ISO 6579-1, Listeria ana ISO 11290-1, O157 ana ISO 16654 ya mwaka 2001. Hiyo ni mifuko mitatu ya sampuli, michuzi mitatu, joto la aina tatu na rundo la sahani. Katika hizo, ISO 16654 peke yake ndiyo inayotaka shanga za sumaku kama sehemu ya njia yenyewe. Tunachofanya hapa ni kuchukua ufundi wa O157 na kuupanua uwabebe na wenzake wawili.

Shanga zenyewe ni vipira vidogo vya polistirini vyenye oksaidi ya chuma ndani. Zinazotumika sana zina kipenyo cha mikromita 2.8, yaani ni kubwa kidogo tu kuliko bakteria wenyewe. Msingi wake uliwekwa Trondheim, Norway, katika miaka ya 1970, na mkemia John Ugelstad, aliyepata njia ya kutengeneza vipira vya plastiki vyenye ukubwa mmoja. Sifa yake kuu ni kwamba huvutwa sumaku ikiwa karibu, na sumaku ikiondoka hazibaki zimeng'ang'aniana. Juu yake hubandikwa kingamwili, protini inayotambua alama maalumu kwenye ngozi ya bakteria fulani na kuishika.

Hatua ya kwanza: usalama kabla ya yote

Dozi ya O157 inayoweza kumlaza mtu hospitali ni ndogo sana, huenda chini ya chembe 100. Mfuko wako ukishakaa inkubeta usiku kucha una mamilioni yake. Fanya kazi katika mazingira ya usalama wa kibiolojia daraja la pili, fungua tyubu ndani ya kabati, vaa glavu na koti la maabara lisilotoka nje ya chumba. Mama mjamzito asiguse kazi ya Listeria hata kidogo. Pipeti ya kunyonya kwa mdomo, ambayo bado inaonekana kwenye baadhi ya maabara za kufundishia, isiingie humu. Takataka zote, pamoja na shanga zilizotumika, ziingie otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 20 au zaidi. Shanga hazirudiwi kutumika. Anayejaribu kubana matumizi hapo anahamisha bakteria wa sampuli ya jana kwenda kwenye ya leo.

Vifaa vya pekee ni vichache: kishikio cha tyubu chenye sumaku inayochomoleka, kizungushio cha tyubu cha mwendo wa polepole, pipeti zenye ncha za chujio, mifuko ya kuponda sampuli yenye chujio ndani, na bafa ya fosfeti ya pH 7.4 iliyotiwa Tween 20, aina ya sabuni laini, kwa asilimia 0.05. Kizungushio kikikosekana, mtu anaweza kupindua tyubu kwa mkono kwa dakika zote kumi za kunasa, ila atachoka na atafupisha muda. Ni bora kukinunua.

Hatua ya pili: sampuli

Sampuli isafiri kwenye kibaridi chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, na ianze kupimwa ndani ya saa 24. Usiigandishe kwa lengo la kuitunza: kuganda hujeruhi chembe, na chembe iliyojeruhiwa huchelewa kukua kiasi cha kukutia hasara kwenye hesabu utakayoiona hivi punde. Kwa nyama ya kusaga, chota sehemu tofauti tofauti za furushi hadi zitimie gramu 25, kwa sababu mashine ya kusagia haisambazi uchafu sawasawa. Kwa maziwa, pindua chupa mara kadhaa ndipo upime mililita 25.

Maziwa mgando yana kisa chake. Uchachu wake hushusha pH ya mchuzi mzima, na bakteria unaowatafuta hukaa bila kukua. Baada ya kuchanganya, pima pH. Kama imeshuka chini ya 6.6, irudishe karibu na 7 kwa matone ya hidroksaidi ya sodiamu iliyotakaswa.

Ponda kwa dakika moja au mbili kwenye mfuko wenye chujio. Usiendelee hadi nyama iwe uji. Mafuta mengi yakitawanyika yatakusumbua wakati wa kuosha shanga.

Hatua ya tatu: mchuzi, palipo na ugumu wenyewe

Kila mchuzi wa kawaida umeundwa umpendelee mmoja kwa kuwakandamiza wengine. Mchuzi wa O157, mTSB, una novobiosini, dawa inayozuia bakteria wa Gramu chanya, moja ya makundi mawili makuu ya bakteria, na Listeria ni Gramu chanya. Mchuzi wa Listeria, nusu-Fraser, una asidi ya nalidiksi, inayowabana E. coli na Salmonella. Joto nalo halipatani: O157 hukuzwa kwa nyuzi 41.5 ili wenzake wazidiwe, Listeria huanza kwa nyuzi 30. Anayetaka wote watatu kwenye mfuko mmoja lazima akubali mchuzi ambao si bora kabisa kwa yeyote kati yao.

Kuna miwili inayostahili kufikiriwa. Wa kwanza ni mchuzi wa jumla wa kukuzia awali, UPB, uliotolewa na Bailey na Cox huko Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya Salmonella na Listeria pamoja. Hauna dawa za kuzuia, bali una fosfeti nyingi ili pH isiporomoke bakteria wa kawaida wanapochachusha sukari. Wa pili ni SEL, wa Kim na Bhunia wa Chuo Kikuu cha Purdue, mwaka 2008, uliotengenezwa mahususi kwa hawa watatu. Una dawa za kuzuia, lakini kwa kiasi kilichopunguzwa ili wote watatu wavumilie.

Msimamo wangu: kwa maziwa yaliyochemshwa kiwandani na vyakula vilivyokwisha kupikwa, tumia UPB. Bakteria wa kawaida humo ni wachache, na chembe zilizojeruhiwa kwa moto zinahitaji mahali pa kupumulia pasipo na dawa. Kwa nyama mbichi ya bucha, ambako gramu moja inaweza kuwa na mamilioni ya bakteria wengine, UPB humwacha Listeria azidiwe mbio na wenzake. Hapo SEL ina nafasi nzuri zaidi.

Sasa hesabu. Tuseme una chembe moja ya O157, inakaa saa mbili bila kugawanyika, kisha inagawanyika kila nusu saa. Baada ya saa nane imegawanyika mara 12, una chembe 4,096 katika mililita 250, yaani 16 kwa mililita. Hapo shanga zinaweza kumpata, ila kwa taabu. Sasa tuseme Listeria yako inakaa saa nne kabla ya kuanza na inagawanyika kila saa moja. Baada ya saa 24 imegawanyika mara 20, ambayo ni zaidi ya chembe milioni moja kwenye mfuko, kama 4,200 kwa mililita. Saa nane kwake zingekuwa chembe 16 kwenye mfuko wote. Yeyote anayekuahidi watatu hawa wote "ndani ya zamu moja" kutoka chembe moja muulize Listeria alipata wapi muda.

Kwa hiyo panga saa zako hivi. Mfuko uingie inkubeta saa 2 asubuhi, nyuzi 37. Saa 8 mchana toa mililita moja kwa mnaso wa kwanza wa O157. Sampuli yenye bakteria wengi itajitokeza hapo na utakuwa umeokoa siku. Rudisha mfuko. Saa 2 asubuhi ya kesho yake, saa 24 zikiwa zimetimia, toa mililita moja kwa kila mmoja wa watatu. Wakati huohuo hamisha mililita 0.1 kwenye mililita 10 za Fraser kamili, iweke nyuzi 37 kwa saa nyingine 24, kisha ichore kwenye agari ya Listeria hata kama shanga zimeshatoa jibu. Hiyo ni bima. Listeria ndiye dhaifu kwenye mpango huu na sioni haya kumpa nafasi ya pili.

Hatua ya nne: kupata shanga

Njia rahisi ni kununua zilizokwisha kupakwa kingamwili. Za O157 na Salmonella ziko sokoni miaka mingi na zinafanya kazi. Za Listeria zipo, lakini soma maelezo kwa makini: kingamwili nyingi hushika jenasi nzima, hivyo zitakuletea Listeria innocua asiye na madhara sawasawa na monocytogenes. Zaidi ya hapo, alama za juu ya Listeria hubadilika kulingana na mchuzi aliokulia, kwa hiyo shanga iliyosifiwa kwenye mchuzi fulani inaweza kulegea kwenye wako. Jaribu kwa mchuzi utakaoutumia kweli.

Njia ya pili ni kupaka mwenyewe, na iliyo nyepesi kwa maabara ndogo ni shanga za streptavidini pamoja na kingamwili iliyounganishwa na biotini. Hivi viwili hushikana vikikutana, na havilegei kirahisi. Chukua mikrolita 100 za shanga zenye miligramu 10 kwa mililita, yaani miligramu moja. Zivute kwa sumaku, osha mara tatu kwa bafa ya fosfeti. Ongeza mikrogramu 10 hadi 20 za kingamwili katika mikrolita 100 za bafa, zungusha dakika 30 kwenye joto la chumba. Vuta tena, osha mara nne kwa bafa yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.1, na mwisho zirudishe kwenye mikrolita 100 za bafa hiyohiyo. Albumini inaziba sehemu zilizobaki wazi, ambazo vinginevyo zingeshika kila kipitacho. Zipo pia shanga za tosili zinazoshika kingamwili moja kwa moja zikikaa nyuzi 37 usiku kucha. Ni nzuri, ila zinakula kingamwili nyingi zaidi.

Hifadhi nyuzi 2 hadi 8. Shanga zikiganda zimeharibika, na hazitakuambia. Usiziweke kwenye rafu iliyogusana na sehemu ya barafu ya friji, na mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa nguvu weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini.

Tyubu moja au tatu?

Kuna wanaochanganya shanga za aina zote tatu kwenye tyubu moja. Inaonekana ni akili, hadi ufike kwenye sahani. Ukimaliza kuosha una mikrolita 100. Ukizigawa kwenye agari tatu, kila agari inapata theluthi moja ya mawindo yake, na theluthi mbili za O157 zako zimepotelea kwenye sahani zisizomhusu. Tyubu tatu kutoka mfuko mmoja zinakupa mikrolita 100 nzima kwa kila mmoja, na zinakugharimu dakika chache tu. Mchanganyiko una maana pale tu ambapo mwisho wa kazi ni PCR (kipimo kinachonakili DNA ili ionekane) ya shabaha nyingi, kwa kuwa huko DNA yote huingia kwenye mmenyuko mmoja.

Hatua ya tano: kunasa na kuosha

Tikisa chupa ya shanga hadi rangi ya kahawia iwe sawa juu na chini; shanga hutuama, na anayechota bila kutikisa anachota maji. Weka mikrolita 20 kwenye tyubu ya mililita 1.5. Kwa shanga ulizopaka mwenyewe kama nilivyoeleza, hizo ni kama milioni 13. Ongeza mililita moja ya mchuzi kutoka upande wa chujio wa mfuko, baada ya kuuacha utulie dakika tano. Kama ni maziwa na unaona utando wa mafuta juu, ingiza ncha ya pipeti chini yake.

Zungusha polepole dakika 10 kwenye joto la chumba. Kwa Listeria mimi huruhusu hadi 30. Kuzidisha hapo hakuongezi mawindo, kunaongeza wasioalikwa.

Weka tyubu kwenye kishikio chenye sumaku kwa dakika tatu, huku ukikipindua kishikio taratibu mbele na nyuma ili shanga zilizokwama kwenye kifuniko nazo zishuke. Utaona mstari wa kahawia ukijichora kwenye ukuta wa tyubu upande wa sumaku. Usiharakishe. Fungua tyubu moja tu kwa wakati mmoja, ingiza ncha ya pipeti upande ulio mkabala na mstari huo, nyonya maji yote polepole pamoja na yaliyoko kwenye kifuniko, tupa ncha, funga. Angalia mstari: ukiwa umeteleza kuelekea chini, mafuta ndiyo yanayousukuma. Sampuli kama hiyo irudie kwa mchuzi uliozungushwa kwanza kwa kasi ndogo kwenye sentrifuji ili mafuta yapande na yatolewe.

Chomoa sumaku. Ongeza mililita moja ya bafa yenye Tween, pindua hadi shanga zitawanyike, rudisha sumaku, dakika tatu, nyonya. Watu wengi husahau kuchomoa sumaku wakati wa kuongeza bafa. Shanga zikibaki zimebanwa ukutani, bafa inapita juu yake tu na uchafu unabaki katikati ya rundo. Rudia mara moja kwa maziwa na mara mbili kwa nyama. Kila uoshaji hupoteza shanga chache, kwa hiyo usioshe mara tano kwa kupenda usafi. Mwisho chomoa sumaku na uzirudishe shanga kwenye mikrolita 100 za bafa.

Hatua ya sita: sahani

Shanga za O157: mikrolita 50 kwenye agari ya CT-SMAC na 50 kwenye agari ya pili ya rangi unayoipenda. CT-SMAC ina sefiksimu na teluriti za kuwazuia wengine, na sobitoli ambayo E. coli wengi huchachusha na kutoa koloni za pinki, wakati O157:H7 wa kawaida haichachushi na koloni zake hubaki hazina rangi, zikiwa na wingu kidogo. Usitegemee hiyo peke yake: wapo O157 wanaochachusha sobitoli, waliogunduliwa kwanza Ujerumani, na CT-SMAC hupita juu yao.

Shanga za Salmonella: mikrolita 50 moja kwa moja kwenye agari ya XLD, na 50 zilizobaki kwenye mililita 10 za mchuzi wa RVS, nyuzi 41.5 kwa saa 24, kisha XLD tena. Tafuta koloni nyekundu zenye kitovu cheusi. Proteus naye hupenda kujipaka weusi huohuo.

Shanga za Listeria: zote kwenye agari ya ALOA, nyuzi 37, soma baada ya saa 24 na tena baada ya 48. Koloni ya bluu-kijani yenye duara la ukungu kuizunguka ni ya kushukiwa. L. innocua hutoa bluu-kijani bila duara, na hapo ndipo utaona kama shanga zako zilishika jenasi nzima.

Namna ya kueneza ina uzito. Tandaza tone kwenye robo ya sahani kwa kijiti cha pamba, kisha chora kwa kitanzi kipya cha plastiki kwenye sehemu iliyobaki ili koloni zijitenge. Kitanzi cha chuma chenye shanga kikiingizwa motoni hurusha matone.

Hatua ya saba: kuthibitisha

Kingamwili inakuambia alama fulani ipo kwenye ngozi ya bakteria. Haikuambii ni nani hasa, wala kama ana sumu. Alama ya O157 inapatikana pia kwa Escherichia hermannii, kwa baadhi ya Citrobacter freundii, na hata kwa Salmonella wa kundi O:30. Kwa hiyo kila koloni ya kushukiwa ipite majaribio yake: O157 kwa indoli, latex (matone yanayogandamana yakikutana na alama yake) na kutafuta jeni za sumu stx1 na stx2, Salmonella kwa biokemia na antisera (majimaji yenye kingamwili), Listeria kwa hemolisisi (kupasua chembe nyekundu za damu) na sukari za ramnosi na zailosi, ambapo monocytogenes huchachusha ramnosi na kuiacha zailosi, na L. ivanovii, ambaye naye ana duara kwenye ALOA, hufanya kinyume chake.

Mwenye mashine ya PCR anaweza kupata dalili mapema. Chemsha shanga zilizooshwa kwenye maji safi dakika 10, zivute kwa sumaku, na utumie maji ya juu tu. Shanga zikiingia kwenye mmenyuko huweza kuuzuia. Jeni ya invA kwa Salmonella, hlyA kwa Listeria monocytogenes, stx pamoja na rfbE kwa O157. Kumbuka PCR huona na DNA ya waliokufa, hivyo bado sahani inahitajika.

Mashine zinazosoma shanga za rangi nyingi kwa leza zipo na zinafanya kazi ya kupendeza. Kwa maabara inayopokea sampuli chache kwa wiki, fedha hizo zingenunua inkubeta ya pili na mwaka mzima wa agari.

Kupima shanga zako

Kila kundi la sampuli liende na mfuko uliochanjwa kwa makusudi na mwingine usio na kitu. Namba za ATCC na NCTC ni za benki za bakteria za Marekani na Uingereza. Kwa O157 tumia ATCC 43888, ambaye hana jeni za sumu. Kwa Salmonella tumia aina adimu kama Nottingham NCTC 7832, ili akivuja kwenye sampuli ya mteja umtambue mara moja. Kwa Listeria tumia monocytogenes ATCC 19115, na weka innocua ATCC 33090 pembeni. Chanja chembe 10 hadi 50 kwenye gramu 25. Anayechanja milioni anajifurahisha tu.

Shanga mpya zikifika au ukipaka zako, pima kiwango cha kunasa: weka idadi unayoijua kwenye bafa, nasa, kisha hesabu koloni zinazotoka kwenye shanga na zile za maji uliyoyanyonya. Gawanya za shanga kwa jumla. Tarajia namba ya shanga itoke pungufu ya uhalisia, kwa sababu ushanga wenye chembe tatu, au shanga kumi zilizogandamana, hutoa koloni moja. Namba ya maji ya juu ndiyo ya kuaminika zaidi: kama chembe nyingi zimebaki humo, shanga hazifanyi kazi. Rudia jaribio hilo kwenye mchuzi wa nyama isiyo na bakteria hao, kwa kuwa shanga zinazong'ara kwenye bafa huweza kulala kabisa kwenye mafuta.

Sahani ikijaa koloni za kila aina, tatizo liko kwenye kuosha au muda wa kunasa umezidi. Angalia pia kama Tween haijaisha nguvu, bafa yake isikae miezi. Mfuko uliochanjwa ukitoka bila kitu kwa mmoja na kutoa kwa wawili, shuku mchuzi kabla ya kushuku shanga. Mfuko usio na kitu ukitoa koloni, simamisha kazi yote ya siku hiyo, fananisha koloni hizo na aina zako za kudhibiti, na chunguza namna tyubu zilivyofunguliwa.

Kuandika majibu

Njia hii ya mfuko mmoja ni ya uchunguzi wa awali tu. Maabara yenye ithibati ya ISO 17025 haiwezi kutoa cheti kwayo hadi iwe imefanyiwa uhalalishaji kwa taratibu za ISO 16140. Hadi hapo, sampuli iliyotoa dalili irudiwe kwa njia rasmi ya bakteria husika kutoka kwenye sehemu uliyoihifadhi kwenye ubaridi. Ndiyo maana unapopokea sampuli unahifadhi zaidi ya gramu 25. Na pale ambapo hakuna kilichoonekana, usiandike kwamba chakula hakina bakteria. Andika "haikugunduliwa katika gramu 25", taja bakteria mmoja mmoja kwa jina, taja mchuzi uliotumia na tarehe sampuli ilipoingia inkubeta.